Jumapili za Bwana Cole

Wanangu, leo sina sungura wala fisi. Nina namba moja, nanyi msiiogope kwa urefu wake:

147,573,952,589,676,412,927

Zihesabuni tarakimu zake, ni 21. Kuipata ni kazi nyepesi, ingawa inachosha. Andika 1, uizidishe kwa 2. Jibu nalo lizidishe kwa 2, na linalofuata vilevile, mpaka uwe umezidisha mara 67. Kisha toa 1. Wanahisabati huiandika kwa mkato: 2⁶⁷ − 1. Hiyo 67 iliyopanda juu kwenye bega la 2 ndiyo tunayoiita kipeo.

Kabla hatujaingia kwenye hadithi, itazameni tarakimu yake ya mwisho. Ni 7. Ningeweza kuwaambia hivyo hata kama namba yenyewe nisingewahi kuiona. Zidisheni 2 mfululizo, mtapata 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Angalieni mwisho wa kila moja: 2, 4, 8, 6, halafu tena 2, 4, 8, 6, na utaratibu huo haubadiliki hata mfike wapi. Sasa gawanyeni 67 kwa 4. Inabaki 3. Kwa hiyo 2⁶⁷ inaishia na tarakimu ya tatu ya mzunguko huo, nayo ni 8. Ukitoa 1 unabaki na 7. Shikeni jambo hili, maana hadithi yote imesimama juu yake: yapo ya kweli unayoweza kuyajua kuhusu namba hata kabla hujaiona, na yapo mengine ambayo namba itakuficha hata ukiikodolea macho mchana kutwa.

Namba yetu iliwaficha watu jambo moja kwa zaidi ya miaka 230. Je, ni namba tasa?

Namba tasa mmeshazikuta darasani. Ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. 15 si tasa kwa sababu ni 3 × 5, na hizo 3 na 5 ni vigawo vyake. Hebu tuwaite ndugu wadogo wa namba yetu tuwakague. 2² − 1 ni 3, tasa. 2³ − 1 ni 7, tasa. 2⁴ − 1 ni 15, si tasa. 2⁵ − 1 ni 31, tasa. 2⁶ − 1 ni 63, si tasa, maana ni 7 × 9. 2⁷ − 1 ni 127, tasa tena.

Mwenye jicho kali ameshaona kitu. Kipeo kikiwa tasa, yaani 2, 3, 5 na 7, jibu limetoka tasa. Kipeo kikiwa kinagawanyika, yaani 4 na 6, jibu nalo limegawanyika. Kauli hiyo ya pili ni kweli siku zote, na imeshathibitishwa. Ile ya kwanza ndiyo iliyowaponza watu. Panda hadi kipeo 11, ambacho ni tasa, utapata 2¹¹ − 1 = 2,047. Na 2,047 ni 23 × 89. Zidisheni wenyewe mhakikishe. Kwa hiyo kipeo kuwa tasa hakutoshi. Kila namba ya ukoo huu lazima ipimwe yenyewe.

Aliyeupa ukoo huu jina ni mtawa wa Kikatoliki wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliyezaliwa mwaka 1588 akafariki mwaka 1648. Wakati wake majarida ya sayansi yalikuwa hayajaanzishwa. Mtu aliyegundua jambo alimwandikia Mersenne barua huko Paris, naye Mersenne akawaandikia wengine. Mwanafalsafa Descartes alikuwa mmoja wa walioandikiana naye, na Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hesabu kuliko kesi, alikuwa mwingine. Namba hizi ziliwavutia kwa sababu ya jambo alilolithibitisha Mgiriki Euclid karne nyingi kabla yao: kila ukipata namba tasa ya ukoo huu, unaweza kutengeneza namba timilifu, ambayo vigawo vyake ukivijumlisha, ukiiacha yenyewe, vinarudisha namba ileile. 6 ni mfano, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6. 28 ni mfano mwingine: 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Baada yake hazionekani mpaka 496, halafu 8,128. Ni adimu kweli.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha kitabu na ndani yake akatangaza kwamba, kwa vipeo visivyozidi 257, namba tasa zinapatikana kwa vipeo hivi tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Mmeiona 67 imo humo. Uthibitisho hakuutoa. Na asingeweza kuutoa, maana yeye mwenyewe alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ni kazi ambayo wakati wote wa ulimwengu hautoshi. Namba yetu ina tarakimu 21.

Tuone kama alitia chumvi. Njia ya kawaida ya kupima namba ni kuigawanya kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea, ukisaka kinachoingia bila baki. Huhitaji kufika mwisho. Unaishia kwenye kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo huenda viwiliviwili na kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Kwa namba yetu kipeuo hicho kimevuka bilioni 12. Ukiziacha namba shufwa, zinabaki za kujaribu zaidi ya bilioni 6. Mtu anayegawanya moja kila dakika, usiku na mchana, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 11,000. Mersenne hakutia chumvi.

Lakini Fermat alikuwa ameshaona njia ya mkato, na mwaka 1640 aliiandika kwenye barua zake. Hapa nataka twende polepole, kwa kuwa ndipo penye utamu.

Chukueni 23, kigawo cha 2,047. Zidisheni 2 mfululizo kama mwanzo, ila kila jibu likivuka 23, toeni 23 mbaki na kilichosalia. Tunaanza: 2, 4, 8, 16. Inayofuata ni 32. Toa 23, inabaki 9. Kisha 18. Kisha 36, toa 23, inabaki 13. Kisha 26, inabaki 3. Kisha 6, kisha 12, kisha 24, inabaki 1. Tumefika kwenye 1, na tukiendelea tutarudi kwenye 2, 4, 8, 16, na mzunguko utajirudia. Hesabuni hatua zake: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Ni 11 barabara. Isingeweza kuwa vingine, kwa sababu kusema 23 inaigawanya 2¹¹ − 1 ni sawa na kusema 2¹¹ ukiigawanya kwa 23 inabaki 1.

Sasa Fermat anasema hivi: chukua namba tasa yoyote isipokuwa 2, itolee 1, na urefu wa mzunguko wa namna hii lazima uingie humo bila baki. 23 toa 1 ni 22, na 11 inaingia mara mbili. 89 toa 1 ni 88, na 11 inaingia mara nane. Jaribuni kwa 7: mzunguko wake ni 2, 4, 1, hatua tatu, nazo zinaingia mara mbili katika 6. Huwa haikosi.

Tuulete ufunguo huo kwenye namba yetu. Kigawo tasa chochote cha 2⁶⁷ − 1 kitakuwa na mzunguko wa hatua 67, maana 67 ni tasa na haina mzunguko mfupi zaidi unaoweza kujificha ndani yake. Kwa hiyo kigawo hicho kikitolewa 1, lazima kigawanyike kwa 67. Na kwa kuwa kigawo chenyewe ni witiri, kikitolewa 1 kinakuwa shufwa. Basi kitagawanyika kwa 134. Badala ya kujaribu kila namba witiri, unajaribu 135, 269, 403, 537, unaruka 134 kila mara. Kwa ujanja huohuo Fermat aligundua kwamba 223 inaigawanya 2³⁷ − 1, namba ya tarakimu 12. Kipo pia kichujio kingine kilichokuja kueleweka baadaye: kigawo cha namba ya ukoo huu yenye kipeo witiri, kikigawanywa kwa 8, huacha baki 1 au 7, basi. Kichujio hicho kinaondoa nusu ya zilizobaki. Hata hivyo foleni mpaka kwenye kipeuo bado ina namba zaidi ya milioni 45. Foleni imekatika sana, lakini mkono wa mtu bado hauiwezi.

Ndipo akaja Édouard Lucas, Mfaransa mzaliwa wa Amiens. Mwaka 1876 alipata njia ya kuipima namba ya ukoo huu bila kutafuta kigawo hata kimoja. Nitawaonyesha kwa sura tunayoitumia leo, aliyoinyoosha Mmarekani Derrick Henry Lehmer miaka ya 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na uchukue baki. Hilo baki nalo lifanyie hivyohivyo. Idadi ya hatua ni kipeo ukitoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. (Njia hii ni ya vipeo tasa kuanzia 3.)

Tuipime 31, ambayo kipeo chake ni 5, kwa hiyo hatua ni 3. Ya kwanza: 4 × 4 toa 2 ni 14. Ya pili: 14 × 14 toa 2 ni 194, na 194 kwa 31 inabaki 8. Ya tatu: 8 × 8 toa 2 ni 62, na 62 kwa 31 inabaki 0. Tasa! Tuipime 2,047, kipeo 11, hatua 9. Mwenye karatasi na afuate: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. La mwisho si 0, basi 2,047 si tasa. Na angalieni vizuri: katika hatua zote tisa, 23 haikutajwa. 89 haikutajwa. Hesabu imetwambia kwamba mlango upo, ila haikusema uko ukuta gani.

Lucas alipoipima namba ya Mersenne yenye kipeo 67, alikuta si tasa. Mtawa alikuwa amekosea. Mwaka huohuo aliipima 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, akakuta hiyo ni tasa kweli, nayo ikakaa kama namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka mwaka 1951. Watu wengi wanaposimulia hadithi hii humpita Lucas haraka ili wafike kwa Bwana Cole, ambaye tutamkuta sasa hivi. Mimi naona yeye ndiye aliyefanya jambo la ajabu kuliko wote. Fikirini kujua kwa hakika kabisa, hakika ya hesabu isiyo na labda, kwamba namba ni zao la namba nyingine ndogo, na huku hujui hata moja ya hizo namba!

Miaka 27 ikapita hivyo. Kila mtu aliyefuatilia mambo haya alijua kwamba 147,573,952,589,676,412,927 inagawanyika, na hapana aliyejua inagawanyika kwa namba zipi.

Tarehe 31 Oktoba 1903 Chama cha Wanahisabati cha Marekani kilikutana New York. Mmoja wa waliopangiwa kuzungumza alikuwa Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa chama hicho. Mada yake ilihusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Aliyetuachia kisa cha siku ile ni Eric Temple Bell, mwanahisabati aliyekiandika miaka mingi baadaye. Anasimulia kwamba Cole aliinuka akaenda ubaoni bila kusema neno. Akachukua chaki akazidisha 2 mpaka akafika kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha kwa mkono, mstari kwa mstari, akajumlisha. Majibu ya pande mbili yakalingana, tarakimu kwa tarakimu, zote 21. Cole akarudi kuketi kitini pake, kimya vilevile. Ukumbi ukampigia makofi, na hakuna aliyemuuliza swali. Bell anasema baadaye alimuuliza Cole ilimchukua muda gani, naye akamjibu kwamba ilikuwa kazi ya Jumapili za miaka mitatu.

Msiniamini mimi wala Bell. Hakikini. Anzeni na mwisho: 1 × 7 ni 7, sawa. Tarakimu mbili za mwisho: 21 × 87 ni 1,827, inaishia na 27, na namba yetu inaishia na 27. Sasa fanyeni hakiki ya tisa, ambayo babu zetu wa hesabu waliitumia kabla ya mashine. Jumlisheni tarakimu za kigawo cha kwanza: 1 + 9 + 3 + 7 + 0 + 7 + 7 + 2 + 1 ni 37. Zijumlisheni tena: 3 + 7 ni 10, na 1 + 0 ni 1. Kigawo cha pili kinatoa 64, kisha 10, kisha 1. Kwa kuwa 1 × 1 ni 1, zao lao nalo lazima liishie kwenye 1. Tarakimu 21 za namba yetu zinatoa 109, kisha 10, kisha 1. Hakiki hii peke yake haithibitishi kila kitu, ila ingekuwepo tarakimu moja iliyoandikwa vibaya, karibu kila mara ingeumbuka hapa. Atakayetaka uthibitisho kamili achukue karatasi pana azidishe kama Cole. Hakuna kinachohitajika zaidi ya jedwali la kuzidisha.

Na Fermat je? 193,707,721 toa 1, gawanya kwa 134: inaingia mara 1,445,580, bila baki. Mwenzake inaingia mara 5,685,360,129, bila baki. Kwa 8, cha kwanza kinaacha 1 na cha pili kinaacha 7. Vyote viwili vimetii sheria ambazo ziliandikwa kabla havijaonekana. Ila oneni pia vilikuwa mbali kiasi gani: anayeruka 134 kwa 134 angekifikia kile kidogo kwenye ruko la 1,445,580. Hata ukitumia kichujio cha 8, zinabaki namba zaidi ya 720,000, na kwa namba moja kila dakika hizo ni siku kama 500 bila kulala. Jumapili za miaka mitatu hazifiki 160. Cole hakushinda kwa subira peke yake. Alizidi kuipunguza foleni kwa akili, kisha akatia subira.

Kumbukeni pia ubao ule. Kuzitafuta namba mbili kulichukua miaka. Kuzizidisha mbele ya watu kulichukua kipindi kimoja cha mkutano. Ni kama unga wa mahindi na unga wa muhogo: kuuchanganya ni kazi ya mwiko mmoja, kuutenganisha usiombe. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitengeneza kufuli la siri juu ya tofauti hiyohiyo. Unachagua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, unalitangaza zao hadharani, unazificha zile mbili. Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129 ili atakaye aivunje. Ilivunjwa mwaka 1994, na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Kufuli za namna hii zinatumika mpaka leo kwenye intaneti, kwa namba zenye tarakimu zaidi ya 600.

Orodha ya Mersenne nayo ilikaguliwa yote polepole. 257 ilikutwa si tasa, na vipeo vitatu alikuwa amevisahau: 61, 89 na 107. Namba ya Cole leo kompyuta ya kawaida inaivunja chini ya sekunde moja. Na kwa kipimo cha Lucas kilekile, mwezi Oktoba 2024 ilithibitishwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana wakati huo, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Ila katika ukoo huu yupo mmoja aliyebaki pale ilipokuwa 2⁶⁷ − 1 kabla ya Cole. Ni 2¹²⁷⁷ − 1, tarakimu 385. Kipimo cha Lucas kimeshasema si tasa. Kompyuta zimeisaka kwa miaka mingi, na kigawo chake hata kimoja hakijapatikana. Tunachojua ni kwamba kila kigawo tasa chake kikitolewa 1 kitagawanyika kwa 2,554, na kikigawanywa kwa 8 kitaacha 1 au 7.